Nyasi Niliyoikata Miguu

Vijana wa kanisa letu hapa mtaa wa Fedha, ile siku yenu ya kuambiwa mambo ya kazi mlinipa dakika kumi. Kabla yangu aliongea nesi, akaongea pia yule jamaa wa kompyuta, mkapiga makofi. Mimi nikasema nilikuwa nabandika nyasi kwa karatasi, mkacheka. Nikacheka na nyinyi. Kabla niingie stori yenyewe, mwenyekiti wenu akanisukumia kikaratasi: "Muda umeisha."

Sawa. Nimenunua daftari la kurasa mia. Hapa hakuna mwenyekiti.

Nawaambia mapema kwamba nitaruka ruka. Sina subira ya kuanza na nilizaliwa wapi. Lakini kitu kimoja nimekibeba zaidi ya miaka arobaini, na hicho nitakifikisha mwisho. Kuna nyasi ilikosa jina kwa sababu yangu.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Kuna jumba hapa Nairobi lenye makabati ya chuma kutoka chini hadi juu. Ndani ya makabati kuna mimea iliyokaushwa, kila mmoja umebandikwa kwa karatasi ngumu, na kona ya chini kulia kuna lebo: ni mmea gani, ulitolewa wapi, siku gani, na nani. Chukulia ni ofisi ya vitambulisho, ila ya majani. Ukiwa mmea na hauko kwa hayo makabati, serikali ya mimea haikujui.

Niliingia hapo na cheti cha fomu foo na hasira. Nilitaka kuwa daktari wa watu, alama zikakataa. Wakati huo tulikuwa tunaishi Shauri Moyo, mimi na mama na ndugu zangu wanne, chumba kimoja. Nilikuwa naandika diari kila siku, na bado ninayo. Siku ya kwanza kazini nimeandika hivi: "Leo nimepewa brashi na gundi. Mkubwa wangu ni mama mzee anayeongea na majani. Nitavumilia miezi mitatu, basi."

Nilikaa miaka thelathini na nane. Na huyo mama mzee alikuwa na miaka arobaini na tatu. Hivyo ndivyo macho ya kijana yalivyo, na yenu ni hayo hayo.

Jina lake ni Bi Zaituni. Watu wake walitoka Pwani zamani, yeye akazaliwa Pumwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi nikiongea alikuwa anafunga macho kama mtu ameumwa na jino.

"Rispa mwanangu, umesema 'hii majani'?"

"Si umenielewa, Bi?"

"Nimekuelewa. Na hata mbuzi akilia, humwelewa."

Lakini mikono yake! Nyasi kavu huvunjika hata ukiipumulia. Yeye alikuwa anaigeuza kwa kibanzi na vidole viwili, anaipaka gundi upande wa nyuma, anailaza kwa karatasi, anaweka vijitepe vya karatasi mahali panapobeba uzito, na hata tone moja la gundi halionekani. Mimi ya kwanza niliibandika ikawa kama kitu kimekanyagwa na lori. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza: "Huyu alikukosea nini?"

Alikuwa na sheria mbili.

Ya kwanza: gazeti haliuachi mmea mpaka lebo ikauke. Mnajua, mimea inakaushwa kati ya magazeti, imebanwa na mbao na mikanda. Wale wanaotoka porini mara nyingi wanaandika namba na maelezo kwa ukingo wa gazeti, kwa penseli, kwa sababu mvua inanyesha, mikono ina tope, na daftari liko kwa gari. Kwa hivyo hilo gazeti si takataka. Ukilitupa mapema, umetupa ushahidi.

Ya pili: hapa hatufuti, tunabandika. Mtu akikosea jina la mmea leo, na mwingine akagundua kosa baada ya miaka ishirini, haruhusiwi kukwaruza lebo ya kwanza. Anaandika kikaratasi kipya, anaweka jina lake na tarehe, anakibandika kando. Kosa linabaki, na marekebisho yanabaki, kila mtu anaona. Kuna karatasi moja ya nyasi pale ina vikaratasi sita. Watu sita wasomi, kila mmoja na jina lake la nyasi, wanabishana kimya kimya karne nzima.

Vikaratasi vyenyewe vilikuwa droo ya kushoto. Hiyo droo muikumbuke.

Najua mnachofikiria. Nyasi ni nyasi, ni ile kijani ya kukanyaga. Hebu ukitoka nje leo, ng'oa bua moja ulizungushe kati ya vidole. Likizunguka vizuri, liko mviringo na lina vifundo, hiyo ni nyasi. Likikataa kuzunguka, lina pembe tatu, hiyo ni ndago, hata kama imevaa kama nyasi. Haya, sasa vuta jani taratibu mahali linaachana na bua. Hapo ndani kuna kiulimi, kigozi chembamba kama ganda la kitunguu. Kwa nyasi zingine si kigozi, ni mstari wa nywele. Hapo ndipo tulikuwa tunaanza kuulizana maswali. Baada ya hapo unaangalia mashuke, unahesabu maganda ya kila kishuke, unaangalia kama ina sharubu. Na mwisho unaenda chini, kwa miguu. Inatambaa? Inasimama kwa kichaka? Ina nini kwa udongo? Kuna nyasi mbili zinafanana juu kama mapacha, lakini miguu inakwambia hawa hata si majirani.

Nyasi ikishajulikana, inapewa jina la sehemu mbili. La kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Mtu wa Shauri Moyo ataelewa haraka: kwanza unataja blok, halafu mlango. Na kama ni nyasi mpya kabisa, haijawahi kupewa jina, inachaguliwa karatasi moja iwe shahidi wa kudumu. Mtu yeyote akibisha, hata akiwa ng'ambo, anarudishwa kwa hiyo karatasi. Kwa hivyo lazima iwe kamili: shuke, jani, miguu, mahali. Shahidi bila miguu hasimami.

Nimesema nitaruka. Wacha niwape stori ya omena kwanza.

Zamani tulikuwa tunaua wadudu wa majani makavu kwa dawa kali, ile ya kukutoa machozi hadi unafika nyumbani. Baadaye ikaja friza kubwa. Mimea mipya inakaa humo siku kadhaa, wadudu wanakufa kwa baridi, hakuna machozi. Mimi nikaona friza, nikaona maendeleo. Nikaweka humo omena zangu, vile visamaki vikavu vya Gikomba, ndani ya karatasi, niende nazo nyumbani jioni. Nikasahau. Jumatatu Bi Zaituni akafungua.

Hakupiga kelele. Aliziweka mezani, akaniletea lebo tupu. "Jaza."

"Bi, ni omena tu."

"Kitu kisicho na lebo hakikai friza yangu. Jaza."

Nikajaza: Omena. Mahali: Gikomba. Mkusanyaji: Rispa. Aliibandika ukutani, ikakaa hapo mwaka mzima. Kila mgeni alikuwa anasoma.

Sasa nyasi.

Mwaka wangu wa pili. Tulikuwa na mtaalamu wa nyasi, kijana bado, tulimwita Daktari tu. Siku moja ya mvua alikuja na suruali imejaa tope jeusi hadi magotini. Gari lilikuwa limekwama huko Embakasi, wakati huo Embakasi ni uwanda mtupu, hii Fedha yenu hakuna hata jiwe. Wakati watu wanasukuma gari, yeye akaona nyasi karibu na gurudumu. Akaing'oa, chini ni donge la tope tu, akaibana haraka bila kuisafisha. Daftari lake lilikuwa limelowa, kwa hivyo akaandika kwa ukingo wa gazeti: mahali, umbali kutoka barabarani, kila kitu.

"Hii sijawahi kuiona," alituambia. Alikuwa anaishika kama mtu ameokota simu ya mtu mkubwa. Juu ilifanana na nyasi moja ya kawaida sana, lakini kiulimi kilimsumbua: kilikuwa mstari wa nywele.

Nyasi ikakauka wiki moja. Ijumaa iliyofuata Bi Zaituni hakuwepo, alikuwa na msiba. Nikaachiwa rundo la kubandika. Saa tisa alasiri. Nilikuwa na mahali pa kwenda, sikumbuki hata ni wapi, na diari haisemi.

Ile nyasi ilikuwa ndefu kuliko karatasi. Nyasi ndefu inakunjwa ikiwa mbichi, inapinda kama umeme wa kuchorwa, halafu ndio inakaushwa. Daktari kwa haraka yake hakuikunja. Ikishakauka, njia ni kuikata vipande na kubandika kila kipande, juu, katikati na chini, vyote kwa karatasi moja. Ni kazi ya nusu saa. Mimi nikaangalia chini yake. Kulikuwa na vitu kama vitunguu vidogo vidogo, vimeshikana, vimejaa udongo mweusi. Nikaona ni uchafu. Nitaanza kusafisha hiyo, halafu ichafue karatasi nyeupe? Nikachukua makasi. Kacha! Vitunguu vikaenda kwa pipa. Sehemu ya juu ikaingia kwa karatasi vizuri kabisa, nikajisifu.

Na magazeti? Kwa geti kulikuwa na mama wa mandazi. Kila Ijumaa nilikuwa nampelekea magazeti yaliyotumika ya kufungia, ananipa mandazi mbili. Nikabeba rundo lote. Sikuangalia.

Kwa hivyo yale maandishi ya Daktari, mahali nyasi ilipotoka, yalizunguka mandazi ya mtu huko mtaani, yakalowa mafuta, yakaisha.

Jumatatu alikuja na lenzi yake. Aliinama kwa ile karatasi, akakaa hivyo muda.

"Rispa, chini iko wapi?"

Jueni nilikuwa kibarua, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nyumbani mshahara ulikuwa wangu pekee.

"Ilikuja hivyo, Daktari."

"Na gazeti?"

"Sikuliona."

Aliangalia mikono yake yote miwili. Halafu akasema, polepole, "Basi niliing'oa vibaya. Mimi na haraka yangu."

Akaniamini! Hapo ndipo paliniuma, na hapajawahi kuacha. Kama angenigombeza, ningejitetea na ingeisha.

Bi Zaituni alirudi Jumanne. Alichukua makasi, akayafungua, akayanusa. "Yana udongo," alisema.  Akayapangusa kwa kanga yake, akayarudisha. "Vikaratasi viko droo ya kushoto. Siku utakayokuwa tayari." Basi. Hakulitaja tena.

Daktari alirudi Embakasi mara nyingi. Uwanda ule wote ni udongo mweusi, kila mahali panafanana. Halafu nyumba zikaanza kuota. Aliandika lebo: "Embakasi, kando ya barabara," na mahali pa jina akaweka alama ya kuuliza. Karatasi ikaingia kabati la chini, la wasiojulikana. Na kila msimu wa mvua alikuwa anaifungua, anaitazama, anaifunga, anasema yale yale: "Mimi na haraka yangu." Mimi niko meza ya pili, brashi mkononi, nasikia. Mwaka baada ya mwaka. Mimi nilipandishwa cheo, nikafundisha wengine kubandika. Nikawa mkali sana kwa mambo ya magazeti. Waliniita Mama Gazeti. Hakuna aliyejua kwa nini.

Hata nilipohamia hapa Fedha kwa binti yangu, nilikuwa nakanyaga lami ya kwa geti nikiwaza, labda ni hapa. Labda iko chini ya hii lami na mimi ndiye niliyeizika.

Sasa tufike Desemba iliyopita, nimestaafu miaka minne, niko Kiamaiko natafuta mbuzi wa Krismasi. Nina mtu wangu huko, Guyo, kijana wa kaskazini ambaye anaapa kila mbuzi wake ni wa mwisho wa aina yake.

"Mathe, huyu ni mbuzi amesoma. Angalia macho."

Mimi sikuangalia macho. Niliangalia mdomo. Mbuzi alikuwa anatafuna nyasi, na kwa pembeni ya mdomo kulikuwa kunaning'inia kitu. Vitunguu vidogo, vimeshikana, na udongo mweusi.

Nikashika ile nyasi nikavuta. Mbuzi naye akavuta.

"Mathe! Unanunua mbuzi ama unamnyang'anya chakula?"

"Guyo, shika huyu mnyama!"

"Nimshike vipi? Ako kwa lunchi!"

Watu wakajaa. Mimi na mbuzi tunavutana katikati ya Kiamaiko, mwanamke wa miaka sitini na kitu, kitambaa kimeanguka. Nilishinda. Nikapata nusu. Nikafungua jani kwa ukucha, nikatafuta miwani, nikaangalia kiulimi. Ni nywele. Juu nyasi ya kawaida, kiulimi ni nywele, chini ni vitunguu. Nikakaa kwa gunia la mtu.

"Ah, hiyo?" Guyo akasema. "Hiyo si ni kitunguu ya mbuzi. Huyo mama huleta." Akanionyesha mwanamke anafungua mzigo wa nyasi kando ya ukuta. "Mama Kevo."

Nikamwendea. "Sasa mama. Hii nyasi umetoa wapi?"

"Shamba."

"Shamba gani Nairobi hii?"

"Shamba ya Mungu." Alinikagua juu hadi chini. "Kwani shosho unataka kuanza kuuza nyasi? Na huo mgongo?"

Mjue, wakata nyasi hawaambiani mahali. Atakwambia umri wake, atakwambia mambo ya bwana yake, lakini pale anapokata hatakwambia, kwa sababu kesho utaamka mapema kumshinda. Mimi sikujua hilo, nikakasirika. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Nikamsaidia kufunga mizigo. Siku ya tatu akapumzisha mikono kiunoni.

"Shosho, uko na shida gani hasa?"

Nikamwambia. Makasi, pipa, gazeti, Daktari na mikono yake. Huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia, muuza nyasi wa Kiamaiko, katikati ya mbuzi wanalia.

"Ngoja. Miaka arobaini, na sababu ni mandazi?"

"Mbili."

"Zilikuwa na iliki?"

Nikacheka hadi nikalia, na kilio kikakaa zaidi ya nilivyotaka.  Halafu akasema, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Vaa gambuti."

Mahali siwaambii. Pameandikwa kwa lebo, mkitaka mwende mfungue kabati. Nitasema tu kwamba ni kipande chembamba kati ya ukuta na mtaro, hakuna mtu amepata kazi nacho, na ni hapa hapa Eastlands. Ilikuwa imesimama, imetoa mashuke, umande bado. Niliipita miaka yote hiyo nikiwa ndani ya basi.

Lakini kulikuwa na vipara. Hapa mbichi, hapa ardhi tupu.

"Huku nilikuwa navuna sana," Mama Kevo akasema. "Mwaka huu imekuwa kidogo. Ni jua."

"Unaikata ama unaing'oa?"

"Zamani nilikuwa nakata. Mundu iliibiwa mvua ya Aprili. Sasa nang'oa, mchanga si ni laini."

Ndipo nikaelewa mbona miaka yote vitunguu havijawahi kufika sokoni. Nikachuchumaa nikamwonyesha. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani ni cheupe, kina maji. "Hii ndiyo stoo yake. Jua likija, juu inakufa, hii inangoja chini. Ukikata juu, itarudi. Ukiing'oa, umebeba na stoo."

Akaangalia vile vipara, kimoja kimoja. "Kwa hivyo si jua."

"Si jua."

"Ni mimi."

"Tuko wawili," nikamwambia.

Nilichukua mimea mitatu tu, mahali ilipokuwa mingi. Nikaikunja ikiwa mbichi, udongo kidogo nikauacha, nikailaza kwa gazeti. Mahali nikapaandika kwa gazeti, kwa daftari, na kwa mkono wangu, hapa kwa kiganja. Kesho yake nikampelekea Mama Kevo mundu mpya. Aliupitisha kidole, akasema, "Hii ni kali. Sasa wakiuliza nani ameniharibia biashara ya kung'oa, nitasema ni shosho wa mandazi."

Daktari alishastaafu kabla yangu, lakini hao watu hawastaafu vizuri. Kila Jumanne anakuja kule kwa makabati, anakaa meza yake ya zamani. Nyasi ilipokauka, nikamngoja hapo na gazeti langu. Ana nywele nyeupe sasa. Nilifunua bila kusema kitu. Aliangalia mashuke, akaangalia kiulimi, akashuka chini. Akasimama hapo.

"Ina miguu," alisema. Halafu akavuta kiti. "Rispa, ina miguu."

Alianza kuongea haraka kama kijana: sasa ataichora, ataipima, itapigwa picha itumwe kwa wenzake ng'ambo waangalie na makabati yao, wakikubaliana ataandika, na ikichapishwa ina jina. Alikuwa na furaha sana. Nikaona nikingoja sekunde moja zaidi sitasema tena.

"Daktari, na ile ya kwanza ilikuwa nayo. Wewe uliing'oa vizuri. Mimi ndiye nilikata. Na gazeti nilimpa mama wa mandazi."

Aliweka lenzi chini. 

"Ungeniambia," akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nilikuwa natafuta mahali, Rispa. Miaka yote nilitafuta mahali. Ungeniambia kulikuwa na vitunguu, ningeuliza wachungaji, ningeuliza watoto. Ningetafuta vitunguu."

Nikasogeza gazeti langu kando. 

Aliinuka, akaenda kabati la chini, akaleta ile karatasi ya zamani. Nyasi yangu bila miguu, na alama yake ya kuuliza. Akaiweka mbele yangu. Halafu akanyoosha mkono upande wa kushoto wa meza ya Bi Zaituni, akavuta droo.

Niliandika: "Mmea huu ulikuwa na miguu yenye vitunguu. Niliikata mimi wakati wa kubandika. Maelezo ya mahali yalipotea kwa kosa langu. Rispa."

Alisoma. "Weka tarehe," akasema.

Nikaweka. Nikapaka gundi nyuma, nikakibandika kando ya lebo yake, nikakishikilia kwa vidole hadi kikashika. Nilipoinua macho alikuwa anaangalia mikono yake tena, yote miwili, lakini anatabasamu kidogo, kama mtu amerudishiwa kitu chake.

Mchana huo nilibandika mpya, mwenyewe. Kwa lebo, mahali pa jina la wenyeji, tuliandika "kitunguu cha mbuzi". Mahali pa wakusanyaji nikampigia simu Mama Kevo nimuulize jina lake kamili. "La nini?" "La lebo. Litakaa hapa tukishakufa." Akasema: "Andika Beatrice Auma. Na uandike vizuri, mama, isiwe Mama Kevo." Nikaliandika kwanza, langu likafuata.

Jina la kisomi bado. Wenzake ng'ambo wamejibu kwamba hawana kama hiyo kwa makabati yao, na Daktari anaandika. Mvua ya juzi nilienda kuangalia kule kando ya mtaro, na kwa kipara kimoja kuna vichwa vya kijani vinatokeza. Si vingi. Mama Kevo amekata kandokando akaviacha.

Jioni ile ya kubandika nilimpigia Bi Zaituni. Ana miaka themanini na kitu, yuko kwa mjukuu wake Shauri Moyo, masikio ni mazima kuliko yangu.

"Bi, nimebandika."

"Mpya?"

"Mpya, na kile kikaratasi cha droo ya kushoto."

  "Haya," akasema. "Na gazeti?"

"Niko nalo, Bi. Nimelikalia."

"Basi usiinuke mpaka lebo ikauke."